Barua ya wazi kwa wakuu wa elimu: zile dakika zangu tatu bado sijazitumia

Kwa Waheshimiwa wote mnaoamua mambo ya elimu ya watoto wetu, kuanzia ofisi ya kaunti ndogo, ya kaunti, mpaka nyinyi mnaoketi Nairobi,

KUH: WATOTO WENYE ULEMAVU KWA SHULE ZA MSINGI ZA KAWAIDA, NYANDO NA PANDE HIZI ZETU

Pokeeni salamu kutoka Kano.

Mimi ni mwalimu. Nafundisha yuniti ya watoto wenye mahitaji maalum kwa shule ya msingi ya serikali huku Nyando, kwa hii tambarare ya mpunga na matope, na huu ni mwaka wangu wa kumi na nne. Jina la shule sitaandika, na sababu si uoga peke yake, ni kwamba nikitaja moja mtasema ni shida ya hiyo shule moja, mtamwita mwalimu mkuu mumfokee na mambo yaishe hapo. Nimetembelea yuniti za wenzangu kutoka Nyakach mpaka Muhoroni na nimekuta hadithi ni ile ile, kinachobadilika ni rangi ya mlango tu.

Sikuanza na barua ya wazi. Ya kwanza niliandika kwa mkono, nikaipeleka mwenyewe na pikipiki, ikapigwa muhuri nikabaki na kopi. Miezi minne kimya. Ya pili ilipitia kwa mwalimu mkuu vile utaratibu unataka, tukaambiwa iko mezani. Hiyo meza nimeenda kuiulizia mara tatu. Alafu ndio ukaja ule mkutano wa kukusanya maoni ya wananchi kuhusu elimu.

Wale mlikuwa pale mnakumbuka, ukumbi ulijaa mpaka watu wakasimama kwa mlango, na tukaambiwa kila mtu ana dakika tatu. Mimi nilikuwa nimejipanga, nimeandika yangu kwa karatasi, nimesoma nyumbani kwa sauti mara mbili nikipima na saa ya simu, ikatosha. Nilikuwa namba kumi na saba. Namba kumi na sita alikuwa kijana kiziwi, fundi wa viatu, mwenye alitoka kwao kabla jua ndio aje aseme vile shule ilimpita. Hakukuwa na mkalimani wa lugha ya ishara. Hata mmoja. Na hii ni nchi yenye Katiba yake, kifungu cha 120, inasema lugha rasmi za Bunge ni Kiswahili, Kiingereza na Lugha ya Ishara ya Kenya. Kijana akasimama mikono ikaanza kuongea, watu wakaanza kuangaliana, mwenyekiti akauliza kama kuna mtu anaelewa. Nikainuka nikaenda mbele kumtafsiria.

Aliongea vizuri sana yule kijana. Alisema alikaa darasa la kwanza miaka minne akiangalia mdomo wa mwalimu ukitembea. Alisema alikuwa na miaka kumi na miwili ndio akapelekwa shule ya viziwi, na siku hiyo ndio alijua kwamba hata yeye ako na jina, kwamba kuna ishara ya kumwita. Kuna wamama walilia. Alipomaliza nikatoa karatasi yangu kwa mfuko na nikaambiwa, asante mwalimu, dakika zako zimeisha, tuendelee na namba kumi na nane.

Waheshimiwa, zile dakika hazikuwa zangu. Zilikuwa zake. Zangu bado ninazo na nazitumia hapa, na mtaniwia radhi zikizidi tatu, zimekaa muda mrefu.

Alafu kabla ya yote, msinipeleke kwa sheria. Naijua. Kifungu cha 53 cha Katiba kinampa kila mtoto elimu ya msingi ya bure na ya lazima. Kifungu cha 54 kinasema mtu mwenye ulemavu afikie shule na vifaa ndani ya jamii, si kando ya jamii. Kenya iliidhinisha mkataba wa Umoja wa Mataifa wa haki za watu wenye ulemavu mwaka wa 2008, tukapata Sheria ya Elimu ya Msingi 2013, tukapata sera ya wanafunzi wenye ulemavu 2018, na juzi 2025 Rais akatia sahihi sheria mpya ya watu wenye ulemavu. Sheria hatuna njaa nayo. Njaa yetu ni ya mtu wa kuitembeza mpaka huku.

Haya ndiyo niliyokuwa nimeandika kwa ile karatasi, na mengine nimeongeza.

1. Mtoto asiye na karatasi hahesabiwi

Hili ndilo linazaa mengine yote kwa hivyo niruhusuni nilikalie. Ukiomba mwalimu wa special, yaani wa elimu maalum, unaulizwa ni watoto wangapi wako kwa rejista kama wenye ulemavu. Ukiomba pesa ya nyongeza, swali ni hilo hilo. Breli, kiti cha magurudumu, kifaa cha kusikia, yote yanaanzia kwa ripoti ya asesmenti, na hiyo ripoti inatoka kwa vile vituo tunaita EARC, vyenye vilianza 1984 kwa msaada wa Denmark ndio mtoto apimwe mapema na karibu na kwao. Wazo zuri sana. Na nimeona maafisa wa hivyo vituo wakifanya kazi ya watu watano bila hata pikipiki, siwalaumu wao. Lakini acheni niwaambie vile inakuwanga kwa mzazi wa huku.

Niko na binti wa miaka tisa. Mama yake ameniomba nisimtaje jina na sitamtaja. Huyu mtoto ukimwita akiwa amekupa mgongo hageuki, lakini ukidondosha jembe kwa sakafu anageuka, juu amelisikia kwa miguu. Mwalimu yeyote wa special akikaa naye wiki moja atakwambia ni masikio. Lakini mimi kujua si ripoti. Tukapanga safari. Mama yake anauza omena pale Ahero, siku ya safari ni siku hajauza, na hiyo mnapaswa kuihesabu kama nauli pia. Boda mpaka lami, matatu mpaka mjini Kisumu, alafu kutembea.

Mara ya kwanza tukaambiwa afisa ako semina mrudi wiki ijayo. Mara ya pili afisa ako lakini mashine ya kupima masikio imeenda kutengenezwa. Mara ya tatu mashine imerudi, lakini sasa mtoto kwanza aende hospitali asafishwe masikio na alete barua ya daktari, tukakimbia hospitali, na kliniki ya masikio ni siku moja kwa wiki na hiyo siku ilikuwa jana. Mama hakusema kitu. Tulipanda matatu tukarudi, na tulipokuwa tumekwama kwa foleni ya magari pale Nyamasaria, mtoto amelala kwa mapaja yake, akaniambia, "Madam, mimi nimechoka. Wacha tu akae hivo."

Sijawahi kuwa na jibu la hiyo sentensi.

Sasa kwa rejista huyo binti ni mtoto wa kawaida mwenye anafeli. Hayuko kwa hesabu ya wasiosikia. Mtu kule juu akiuliza Nyando wanataka walimu wangapi wa lugha ya ishara jibu linaenda likiwa dogo, na likiwa dogo mnaona hakuna haja, kumbe haja iko imekaa kwa dawati la nyuma inaangalia mdomo wa mwalimu. Na ni yeye na wengine wangapi sijui, juu kuna wengine hata cheti cha kuzaliwa hawana, walizaliwa nyumbani, na mtoto bila cheti kuingia NEMIS, ule mfumo wa serikali wa kusajili wanafunzi, imekuwa vita kila mwaka. Huyo amekosekana mara mbili.

Hata mtihani unaanzia hapo. KNEC, lile baraza la mitihani, inawaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalum dakika 30 na ni jambo la maana, ila lazima wawe wamesajiliwa hivyo na ripoti iko. Nilikuwa na kijana wa mtindio wa ubongo, kichwa chake kizuri sana, mkono ndio unatetemeka, kupaka kisanduku kimoja cha jibu kunamchukua muda wa wenzake kupaka vitatu. Ripoti yake ilichelewa. Alifanya mtihani na muda wa watu wengine na karatasi ikakusanywa kabla hajafika mwisho. Aliniambia majibu ya yale maswali yaliyobaki tukiwa tumesimama nje chini ya mti. Alikuwa anayajua.

2. Mwalimu mmoja, chumba kimoja, watoto ishirini na sita

Kidole kimoja hakivunji chawa. Niko na watoto wa usonji, wa mtindio wa ubongo, wa Down syndrome, wawili wana kifafa, watatu hawasikii, mmoja haoni vizuri, na wengine siwezi kuwaambia shida yao ni nini sababu hawajapimwa, na hapo tumerudi namba moja. Mdogo ana miaka sita. Mkubwa ana kumi na tisa na ameota ndevu.

Term ya pili mtoto wa kifafa alianguka asubuhi tukiwa tunaimba. Nikamlaza kwa ubavu, nikasukuma viti, nikaanza kuangalia saa vile tulifunzwa, na hapo hapo yule mdogo wa usonji, mwenye anapenda maji kuliko kitu chochote duniani, akatoka mbio kuelekea mfereji wa mpunga. Nimwache nani? Nilipiga nduru. Mpishi wa shule aliacha sufuria ya githeri akakimbia, akamshika akiwa amebakisha hatua chache. Kama siku hiyo mpishi angekuwa ameenda posho mill, hii barua ingekuwa barua nyingine na mngekuja wote na magari.

Niwape haki yenu pia. Huu mtaala mpya ulioanza nchi nzima 2019 ulileta njia ya hatua kwa watoto wenye hawawezi kufuata gredi, kwamba wajifunze kujivalisha, kujilisha, kununua kitu na kurudishiwa chenji, alafu waingie kazi ya mikono. Ni kitu kizuri, naifuata na nimeona matunda. Lakini hiyo kazi ya mikono inataka vifaa, inataka mtu wa kuifundisha, na inataka mahali mtoto anaenda akimaliza. Yule wangu wa miaka kumi na tisa anasuka mikeka ya mafunjo safi kuliko ile inauzwa barabarani, na si sisi tulimfunza, ni nyanya yake. Anakuja shule kila siku sababu hakuna mahali pengine pa kumpeleka. Anakaa kwa kiti cha mtoto wa gredi ya pili.

3. Pesa

Mtoto wa msingi ametengewa shilingi 1,420 kwa mwaka. Gawa kwa miezi kumi na mbili ni kama 118 kwa mwezi, na hata hizo zinakuja vipande vipande. Najua mwenye ulemavu ana nyongeza yake, lakini hiyo inamfuata mwenye ripoti. Nepi za watoto wakubwa nanunua mimi, sabuni nanunua mimi, na mama mwenye ananisaidia kuwabeba na kuwaosha analipwa na wazazi wenye wamepata, mwezi wenye hawajapata hapati na bado anakuja. Huyo mama hana cheti hata kimoja. Kama kuna mtu anastahili mshahara wa serikali kwa hii shule yetu ni yeye.

4. Njia na choo

Wazazi walijenga rampu ya darasa kwa mikono yao. Choo nacho kiko ng'ambo ya uwanja, mlango hautoshi kiti cha magurudumu, na udongo wetu huu mweusi ukipata mvua unashika gurudumu kama gundi. Kwa hivyo mimi na yule mama tunabeba. Kuna msichana wa miaka kumi na nne mwenye ameacha kunywa maji asubuhi ndio asiombe kubebwa mbele ya wavulana. Mafuriko ya 2024, ile mwaka shule zilichelewa kufunguliwa mpaka Mei 13, maji yaliingia yuniti, tukapoteza kiti kimoja na vifaa vya kufundishia vyenye nilikuwa nimetengeneza kwa miaka. Kiti hicho hakijarudishwa na mwenyewe siku hizi anabaki nyumbani.

5. Walimu waliosomea hii kazi wako, hamjawatumia

KISE, chuo cha serikali cha elimu maalum, imefundisha walimu wa special tangu 1986. Vyuo vikuu navyo, Maseno hapa jirani, Kenyatta, vinatoa digrii za hii kazi. Walimu wamesoma likizo zao zote, wakajilipia karo na mikopo ya sacco, wakapata vyeti, alafu wakarudishwa kufundisha hesabu na sayansi za kawaida. Najua mmoja mwenye anajua lugha ya ishara kuliko mimi na anafundisha darasa la watoto hamsini wenye wote wanasikia, na kilomita sita kutoka hapo kuna watoto watatu viziwi na hawana mtu. Tulipoletewa ile delokalaizesheni ya 2018, ya kupeleka walimu mbali na kwao, walihamishwa wengine kabisa kwenda mahali hawajui hata lugha ya mama mzazi, na mwalimu wa special bila kuongea na wazazi hawezi kazi. Hapa hakuna pesa mpya inaombwa. Ni kuangalia orodha mnayo na kusogeza watu.

6. Mnatuita tuseme, alafu tukisema mnauliza nani ametutuma

Hili sikuwa nimeliandika kwa karatasi, limekuja baadaye. Wiki mbili baada ya ule mkutano niliitwa ofisini nikaulizwa kwa nini naanika mambo ya idara mbele ya watu. Sikuwa nimeanika kitu, nilikuwa nimetafsiri tu. Mwenzangu mwingine mwenye alipata dakika zake tatu na akazitumia vizuri aliambiwa aandike maelezo ndani ya siku saba. Tangu hapo walimu wanaogopa, kwa makundi ya simu wanasema kila kitu, kwa mkutano wanasema tunashukuru serikali.

Ilipoundwa ile kamati ya mageuzi ya elimu ya Profesa Raphael Munavu mwaka wa 2022 na ikazunguka nchi nzima kuchukua maoni, tulipata moyo, na ripoti ikatoka 2023. Kwa hivyo mnajua kusikiliza, imewezekana. Lakini ushahidi wa mwalimu hautakuwa na maana kama anayesikiliza ndiye anaandika barua ya kumwadhibu. Kifungu cha 37 kinampa kila mtu haki ya kupeleka ombi kwa mamlaka ya umma kwa amani. Hakijasema isipokuwa mwalimu. Mimi ndiye naona huyo mtoto masaa saba kwa siku. Kama si mimi niseme, nani atasema? Mtoto mwenyewe hana sauti na mwenye ana mikono hamkumletea mkalimani.

Sasa najua majibu, juu nimeyasikia yote.

Mtasema kuna shule za special, tuwapeleke huko. Ziko, na naziheshimu. Mumias na Nyang'oma zimefunza viziwi tangu miaka ya sitini, Kibos hapa karibu inafundisha wasioona, Maseno kuna ya viziwi. Na msinisikie vibaya, sijasema zifungwe, kuna wenzangu wanasema hivyo na mimi nakataa kabisa. Mtoto kiziwi anahitaji wenzake wa kuongea nao na mikono, lugha haikui kwa mtu mmoja. Huyu binti wangu akipata nafasi huko nitamsindikiza mimi mwenyewe na sanduku. Lakini bweni lina gharama, nafasi ni chache, na hawampokei bila ile ripoti. Na mtoto wa usonji wa miaka saba, mwenye analala akiwa ameshika sikio la mama yake, mnataka nimpeleke bweni gani? Huyo shule yake ni ile iko karibu na nyumbani. Tuiandae hiyo.

Mtasema wazazi wanaficha watoto. Wengine kweli wanaficha na nimewahi kwenda na chifu nyumba moja tukapata mtoto wa miaka kumi na moja amefungwa kamba kwa mguu wa kitanda. Nilikuwa na hasira ya kumpiga mtu. Alafu nikakaa chini na mama wa ile boma akanihesabia shule tatu zenye alijaribu, moja ilimwambia hatuna mwalimu, moja ikamwambia atasumbua wenzake, moja ikamwambia rudi na karatasi. Ile kamba aliianza baada ya shule ya tatu, sababu lazima aende kulima na hakuna wa kubaki na mtoto. Si haki kumfunga mtoto na nilimwambia hivyo, na leo huyo mtoto yuko kwangu. Lakini tusiseme tu wanaficha. Wengine walileta tukawarudisha.

Mtasema watarudisha darasa nyuma. KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, iliisha 2023 lakini akili ya mean score, ya wastani wa alama za shule, haijaisha, bado kuna walimu wakuu wanaona mtoto mwenye ulemavu kama alama zitakazoshuka. Mimi saa za michezo na muziki nachanganya watoto wangu na wa gredi ya nne, sikungoja barua ya mtu. Sahii kuna watoto wa gredi ya nne wanajua ishara za kusalimiana, za chakula, za nipe mpira. Mmoja alimtafsiria mwenzake dukani na mwenye duka akaja shuleni kuniambia. Hakuna mtu amerudi nyuma kwa kujifunza kuongea na jirani yake.

Na mtasema pesa hakuna. Sawa, kwa choo na kiti nitawaelewa kidogo. Lakini kumhamisha mwalimu kilomita sita, kuweka mkalimani kwa mkutano, kuambia mzazi kwa simu kwamba mashine imeharibika asije leo, hayo yanataka pesa gani?

Kwa hivyo naomba haya, na naomba nikijua kila moja linawezekana. Asesmenti ije kwetu. Mara moja kila term, afisa, mashine na mtu wa hospitali waje siku moja kwa shule moja ya katikati, tutawatangazia wazazi kanisani na sokoni, na chakula tutapika. Msiwafanye wamama wauze kuku watafute ofisi yenye imefungwa. Mtoto mwenye mwalimu ameona dalili na akaandika ahesabiwe kwa muda akingojea kupimwa, asikae nje ya hesabu miaka. Walimu wenye vyeti vya special wapelekwe kwa yuniti kabla ya Januari ijayo, na kila yuniti ipate msaidizi mmoja anayelipwa. Choo kimoja kila shule yenye yuniti, mlango upana wa kiti. Kila mkutano wa maoni uwe na mkalimani wa lugha ya ishara, na muda wa kutafsiri usitolewe kwa muda wa mtu. Na mtuandikie, kwa maandishi yenye kila mtu anaweza soma, kwamba mwalimu mwenye ametoa ushahidi kuhusu watoto wake hataitwa, hatahamishwa na hataandikishwa maelezo kwa sababu ya huo ushahidi.

Nangoja siku thelathini. Baada ya hapo, mimi na wenzangu wenye wamekubali tutapeleka ombi rasmi Bungeni, kifungu cha 119 kinaturuhusu, na tutaenda na wazazi na yule fundi wa viatu. Kopi za barua zangu mbili zenye muhuri ninazo.

Kliniki ya masikio ni Jumatano. Nimeongea na mama wa yule binti, amekataa mara mbili, jana jioni akakubali mara ya mwisho. Mtoto anafikisha miaka kumi mwezi wa kumi na moja. Jumatano ijayo saa mbili asubuhi tutakuwa pale kwa mlango, sisi watatu, na kutoka hospitali tutakuja moja kwa moja kituoni na barua ya daktari. Naomba afisa awepo, na mashine iwe inafanya kazi.

Wenu kwa heshima,

Mwalimu wa yuniti,
Nyando, Kaunti ya Kisumu